Pakanga Isiyooshwa

Kila kikombe cha pakanga kilichotolewa katika nyumba ile kilianzia mdomoni mwa Shangazi. Mgonjwa akiwa ameketi kwenye benchi la barazani, tumbo amelikumbatia, Shangazi alimimina dawa kutoka kwenye buli, akapuliza, akanywa funda moja mbele ya macho yake, kisha akafuta ukingo wa kikombe kwa kitambaa cheupe na kumkabidhi. Hakuacha hata siku moja. Mama yake alimfundisha hivyo tangu alipokuwa hajafikia kitasa cha mlango: mkono unaotoa huonja kwanza, ili mtu akifa kwa jambo lake mwenyewe, asiwepo wa kusema alinyweshwa kitu katika nyumba hii.

Ndivyo jina la nyumba lilivyolindwa, funda kwa funda, tangu enzi za mama.

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Ndugu walimwita Shangazi, majirani wakadakia, na mwisho hata wazee waliomzidi umri walimwita Shangazi bila haya. Hakuolewa. Waliomuuliza sababu aliwajibu, "Nilikuwa nimeshika sufuria ya moto, posa ikapita mlangoni," na mazungumzo yakaishia kwenye kicheko. Ukweli ni kwamba mama yao aliugua muda mrefu, na aliyemgeuza kitandani, akamwogesha na kumlisha, alikuwa yeye. Mama alipofariki aliwaachia nyumba yeye na kaka yake. Yeye peke yake akaachiwa kitalu.

Kitalu chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilianzia mlango wa jikoni kikaishia kwenye ukuta wa nyuma. Mnanaa ulikaa karibu na bomba kwa sababu unapenda maji. Mchaichai ulijipanga kando ya mfereji. Kivumbasi kilisimama mlangoni kufukuza mbu. Na pakanga, ambayo ndiyo mwenye nyumba hasa, ilitanda ukutani mwanzo hadi mwisho, kimo cha kiuno, kijani kilichochanganyika na rangi ya majivu. Majani yake yamechanikachanika kama manyoya ya ndege, na yamefunikwa na malaika laini kama ya mkono wa mtoto. Mama alisema nguvu ya dawa imelala kwenye malaika yale. Kwa hiyo pakanga haioshwi. Unaichuma asubuhi umande ukishakauka, unaitandaza barazani juu ya wavu, kivulini, upepo uipitie. Ikikauka unaifikicha, unaichekecha, unaifunga kwenye karatasi. Maji yataigusa siku ya kunywewa tu. "Ukiiosha umemwaga dawa, umebaki na nyasi," alisema mama; na Shangazi aliyasema maneno hayo kwa sauti ile ile, hata waliomkumbuka marehemu wakawa wanageuka kutazama.

Kipimo kilikuwa konzi: konzi moja ya majani kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto.

Kaka yake naye alikwenda, moyo ulimsimama akiwa anafunga kamba za viatu, na Shangazi akabaki na mjane wake. Huyu alikuwa mwalimu wa sekondari aliyestaafu, mwanamke wa kunyoosha gauni hata kama anakwenda kutupa taka. Waliitana wifi, na walitaniana kama mawifi.

"Wifi, hicho kikaratasi mbona umekikunja kama barua ya mahakama?"

"Ili mtu akikifungua ajue ametoka nyumba ya watu waliosoma. Vyako vinafanana na vya ugoro."

Mtaani walisema wake wawili wa mume mmoja wangechoshana upesi kuliko hawa. Jioni walikaa barazani wakisimuliana habari za marehemu, na hadithi waliyoirudia kuliko zote ilikuwa ya utoto wake. Alikuwa mtoto mpenda pakanga. Alikuwa akijisingizia kuumwa tumbo ili apewe. Siku moja mama akampa kikombe, akakinywa mpaka tone la mwisho, akakirudisha, akashika ubavu na kusema, "Upande wa pili nao unauma." Mama alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo, katika familia ile, mtu akitaka kuongezewa kitu chochote, wali, chai au nafasi ya kulala, alisema upande wa pili nao unauma.

Nyuma ya ukuta kulikuwa na kiwanja kitupu ambacho watoto walikichezea mpira. Kikanunuliwa. Mnunuzi alikuja kujitambulisha kwa adabu zote, viatu akavivua barazani.

"Shangazi, Mwalimu, mimi ndiye jirani yenu mpya. Nafungua karakana. Tunayeyusha betri chakavu za magari, tunatoa risasi iliyomo, tunauza. Moshi kidogo utakuwepo, lakini ni wa asubuhi tu."

"Moshi haujawahi kumuua mpishi," Shangazi akamjibu, akamkaribisha chai.

Bomba la moshi likainuka, jembamba, limezidi ukuta kwa kimo cha mtu. Moshi haukuwa wa asubuhi tu. Ulitoka mzito, rangi ya maziwa yaliyoungua, ukajikunja juu ya kitalu kama unaotafuta kitu ulichokidondosha, halafu ukatua. Nguo kambani zilianza kuwa na vumbi laini la kijivu ambalo halikupukutika, lilipakaa.

Wa kwanza kwenda ni kivumbasi. Majani yalijikunja kwa ndani, maua yakaanguka kabla hayajafunga mbegu, shina likakauka limesimama. Shangazi alisema ni jua. Mnanaa ukapata madoa ya rangi ya kutu, akasema ni maji ya bomba. Mchaichai ukaungua ncha, kila jani limeshika moto wake mdogo, akasema ni siafu. Mtu anayetunza mmea wa mama yake ana visingizio vingi kuliko mwanafunzi mtoro.

Lakini pakanga haikufa. Hilo ndilo lililomdanganya. Ilidumaa kwanza, kutoka kiunoni ikashuka magotini, na majani yakawa membamba kama kope, yakakazana kwenye kijiti. Kisha uchungu ukapanda. Jani lilipungua, uchungu ukaongezeka, mpaka ukitia ulimi kwenye ncha ya jani masikio yanazibuka.

Watu wakafurahi. Dawa ni chungu, kila mtu anajua. Na isiyokunja uso itatibu nini?

"Shangazi, safari hii umeipika na nini?" jirani mmoja alisema huku machozi yakimtoka. "Imenishuka mpaka kisiginoni!"

"Imekomaa," akasema Shangazi, na alilisema kwa fahari. Aliamini kwamba mmea wa mama yake, uliozoea kulelewa, umepigwa na shida ukatoa nguvu zilizokuwa zimefichika, kama alivyofanya yeye mwenyewe wakati wa ugonjwa wa mama. Aliuona mmea ule umefanana naye.

Wifi yake ndiye aliyeligusa jambo, ingawa aliligusa kwa mzaha.

"Wifi, haya majani yamekuwa madogo mno. Konzi moja ya sasa ni konzi mbili za zamani, au tatu."

"Yamekomaa. Mtu akikomaa hanenepi hovyo."

"Basi mimi sijakomaa."

"Wewe ulistaafu kabla."

Wifi akacheka, akapangusa vumbi la kijivu kwenye meza ya barazani kwa kidole, akakitazama kile kidole. "Lakini niambie, marehemu angejisingizia kuumwa tumbo ili apewe uchungu kama huu?"

"Kaka yangu alikuwa na ulimi wa chuma," akasema Shangazi, na yakaishia hapo.

Wateja wapya wakatoka upande wa pili wa ukuta. Wafanyakazi wa karakana walianza kuja mmoja mmoja, halafu wawili wawili, matumbo yamewakaza kama ngoma. Aliyekuja zaidi aliitwa Koleo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushika chungu cha kuyeyushia kwa koleo refu. Alikuwa mcheshi, mwenye meno yaliyozungukwa na mstari wa kijivu kwenye ufizi, na Shangazi alimpenda.

"Nyie vijana mnakula nini huko?"

"Tunakula ugali, Shangazi, na moshi ndio mchuzi."

"Basi punguzeni mchuzi."

Alinywa, akasikia joto likishuka, akasema amepona, akarudi kwenye chungu chake. Na baada ya siku chache akarudi barazani. Mwenye karakana akipita alisimama kusalimia. "Shangazi, mimi nakuletea wateja, wewe unanirudishia wafanyakazi. Tumekuwa kampuni!" Wote walicheka. Kwa kila aliyeketi kwenye benchi lile, Shangazi alionja kwanza.

Mmoja wa waliokuwa wakipeleka dawa nyumbani ni Mama Pacha, wa nyumba ya tatu. Wanawe walikuwa wadogo, wanacheza mchangani kutwa, na alipoona matumbo yao yamejaa alikuja kuomba pakiti. Nusu konzi, Shangazi alimwambia, asubuhi kabla ya chakula. Akampimia kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kuwa aliwapenda wale watoto hakuwa mchoyo.

Kisha tumbo likamshika Shangazi mwenyewe.

Lilianza kama kamba inayokazwa polepole. Chakula kikapoteza ladha, mdomo ukawa na ladha ya sarafu iliyonyonywa. Alifanya alichowafanyia wengine: alijipikia pakanga. Kikombe kizima, si funda. Tumbo lilipozidi aliongeza konzi. Alikonda mpaka gauni likawa linamvaa yeye, na aliposahau jina la Mama Pacha akiwa anazungumza naye uso kwa uso, alisema ni uzee, wakaucheka uzee wote wawili.

Siku chekeche lilipomdondoka, baraza lilikuwa limejaa. Halikuteleza. Kiganja cha mkono wa kulia kilikuwa kimelala tu, kimening'inia kwenye kifundo kama ua lililokatwa, na kila alipokiamuru kiinuke hakikumsikia. Unga wa pakanga ulisambaa sakafuni.

"Amelalia mkono," wifi yake akasema upesi, kwa sauti ya darasani. "Nani anafuata?" Akapiga magoti, akazoa, akachukua buli akamimina yeye. Shangazi akainama akanywa funda lake kwenye kikombe kilichoshikwa na wifi, kwa sababu desturi ni desturi. Wifi akafuta ukingo.

Hospitalini daktari aliwauliza mengi, akatazama ufizi, akachukua damu, na kwa kuwa wifi alibeba pakiti moja ya dawa kwenye mkoba, akaichukua nayo. Majibu yalipotoka aliwaita wote wawili, akafunga mlango.

"Damu yako imejaa madini ya risasi. Na hii dawa yenu inayo pia, nyingi kupita kiasi. Kuna kiwanda karibu?"

"Karakana ya betri," akasema wifi. "Nyuma ya ukuta wetu."

"Moshi wake unashuka na vumbi la risasi. Majani yenye malaika kama haya yanalishika kama pamba. Mengine yanaingia ardhini, mmea unayanywa. Huwa mnayaosha?"

"Hayaoshwi," akasema Shangazi.

Daktari akamtazama. "Na wewe huwa unakunywa kiasi gani?"

"Mimi siumwi kila siku. Naonja tu."

"Unaonja ya nani?"

"Ya kila anayekuja."

Daktari akaweka kalamu mezani. Alikuwa mtu mpole. Hakusema neno la kuumiza. Alisema tu kwamba mkono huenda ukarudi kidogo, huenda usirudi, na kwamba kuanzia leo hakuna mtu anayepaswa kunywa kitu chochote kutoka kitalu kile.

Shangazi hakukubali. Walipoketi nyumbani alisema. Mama alikunywa pakanga maisha yake yote. Mmea ule umelea ukoo. Moshi ukiwa na makosa, ushtakiwe moshi, si pakanga ya mama. Katika nyumba ile kila binti aliyeolewa aliondoka na kipandikizi cha pakanga kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Binti wa kaka yake, yule mkubwa, alikwenda nacho milimani alikoolewa. Basi watakwenda kwake. Watachuma ile, watampelekea daktari, aipime, aone kwamba pakanga yao haina doa.

"Na kama itaonekana safi, itatusaidia nini?" wifi akauliza.

"Itasafisha jina."

Hilo wifi alilielewa. Siku iliyofuata walipanda basi.

Binti aliwapokea kwa furaha, kisha akauona mkono wa shangazi yake, akajikaza asilie. Akawapeleka nyuma ya nyumba, penye tangi la maji. Pale palikuwa na kichaka kirefu kumpita Shangazi, majani mapana kama kiganja kilichofunguliwa, rangi ya fedha, na upepo ulipopita harufu ilifika kabla ya neno.

"Hiki nini?" Shangazi akauliza.

"Pakanga, shangazi. Ile yenu."

"Hii siyo. Umechanganya na nyingine."

"Ndiyo hii uliyonifungia mwenyewe. Sijawahi kupanda nyingine."

Wakaingia ndani, binti akatengeneza. Konzi moja ya majani yale ilikuwa majani machache tu. Akamshikia shangazi yake kikombe, naye kwa mazoea akaonja kwanza. Ikamjia harufu puani, joto, kisha mbali sana, mwishoni kabisa, uchungu mdogo kama wa ganda la limau. Halafu basi.

"Imelala," akasema. "Umeinywesha maji mengi, imesahau kazi yake. Hii ni chai."

Binti akacheka. "Ndivyo tunavyoinywa siku zote. Labda ninyi mmezoea ukali."

Mtoto wa binti, ambaye alikuwa amekaa chini ya meza akichezea kifuniko cha sufuria, akatoka. "Na mimi," akasema. Mama yake akampa kidogo kwenye kikombe kingine. Akanywa bila kukunja uso, akakirudisha kikombe, akabaki amenyoosha mkono.

Hakuna aliyecheka. Shangazi aliutazama ule mkono mdogo. Ghafla alikuwa tena jikoni kwa mama, kaka yake mdogo vile vile amesimama ameshika ubavu, na harufu ilikuwa hii hii. Na ladha, ambayo alikuwa ameisahau funda kwa funda bila kujua kwamba anaisahau, ilikuwa hii hii. Hakuna mtoto duniani anayejisingizia kuumwa ili anyweshwe kile alichokuwa akikitoa barazani.

"Wifi," akasema, "kumbe ulikuwa unalia."

"Nani?"

"Mmea. Ulikuwa unalia, mimi nikasema umekomaa."

Wifi alimshika ule mkono uliolala, akauweka mapajani mwake.

Walirudi na kipandikizi. Nyumbani ndipo walipogombana, mara ya kwanza tangu msiba wa kaka. Wifi alikuwa amelifikiria jambo njia nzima. Wafunge baraza. Mkono ni sababu ya kutosha, hakuna atakayeuliza. Kitalu king'olewe taratibu, mti mmoja leo, mwingine kesho. "Tuna watoto wameolewa, wifi. Wana majina yetu. Unataka waambiwe ukoo wao ulikuwa ukiwalisha watu sumu?"

"Pakiti ziko kwenye makabati yao."

"Zitaisha."

"Zitaisha matumboni mwao." Shangazi hakupandisha sauti. "Mama hakulijenga jina la nyumba hii kwa kufunga mlango. Alilijenga kwa kunywa mbele ya watu. Sasa mimi nimekunywa, na watu wauone mkono."

Wifi aliinuka. Kisha akaingia chumbani, na Shangazi akajua amemkosa. Lakini alipotoka alikuwa amevaa gauni lake la kijani, lile la mikutano ya wazazi, na viatu vya kufunga, na kikapu mkononi.

"Twende basi," akasema. "Lakini mimi ndiye nitakayesema. Wewe ukisema utaomba radhi hata kwa mbuzi."

Walikwenda nyumba kwa nyumba. Wifi alisema maneno machache, yaliyonyooka: dawa yetu imeingiwa na moshi wa karakana, ina sumu, hatukujua, rudisheni mliyonayo, nendeni mkapimwe. Shangazi alisimama pembeni yake na mkono wake uliolala, ambao ulisema yaliyobaki. Wapo waliorudisha pakiti kwa mikono miwili na kumpa pole. Wapo waliosema hawana, huku zinaonekana juu ya friji. Mmoja alisema siku zote alijua, ingawa wiki iliyopita alikuwa kwenye benchi. Tangu siku hiyo zimesemwa habari nyingi kuhusu nyumba ile, na nyingi zimesemwa na watu ambao hawakuwepo. Aliyekuwepo aliona wanawake wawili wazima wakibisha hodi mchana kweupe, wakisema jambo ambalo hakuna aliyewalazimisha kulisema.

Mama Pacha aliwakaribisha ndani. Alisikiliza mpaka mwisho. Wanawe walikuwa sakafuni. Mmoja anasimulia hadithi ndefu ya gari lisilo na magurudumu, mwingine anamtazama mdomo. Huyu wa pili alikuwa amechelewa kusema, na mtaani walikuwa wakisema mwenzake amemaliza maneno yote tumboni.

"Na hawa?" akauliza Mama Pacha.

Wifi akafungua mdomo.

"Shangazi, nakuuliza wewe. Na hawa?"

"Wapeleke wakapimwe, mwanangu," akasema Shangazi. "Nitakwenda nawe."

"Hapana," akasema Mama Pacha. "Nitakwenda mwenyewe." Akaenda kabatini, akaleta pakiti iliyobaki, akaiweka kikapuni taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Damu ya watoto wote wawili ilikutwa na risasi. Daktari alieleza kwamba hawezi kutenganisha ya kikombe na ya moshi, kwa kuwa watoto wale walicheza kwenye vumbi lile lile kila siku. Huenda dawa iliongeza kidogo, huenda iliongeza sana. Alimpa Shangazi mlango wa kutokea. Shangazi hakuutumia. Kila asubuhi, wale pacha wakipita kwenda shule ya awali, aliacha alichokuwa akifanya akasikiliza, na alisikia sauti moja.

Mwenye karakana naye alikuja. Safari hii hakuvua viatu.

"Shangazi, mnaniharibia jina."

"Kila mtu analo lake la kulinda," akasema wifi. "Sisi tumekwenda kulilinda la kwetu. Na wewe nenda."

Watu wa afya ya mji walikuja wakapima udongo, wakaandika, wakaondoka. Bomba likaongezwa urefu. Moshi ukawa unapita juu ya nyumba yao na kutua mtaa wa pili, ambako kuna mtu naye, bila shaka, ana mnanaa wake karibu na bomba.

Siku ya kung'oa, wifi alishika jembe kwa kuwa Shangazi hakuweza. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, akawa anamwelekeza. Shina hilo la pembeni mama alilipanda kaka alipoanza shule. Hilo la katikati lilivunjwa na mpira, likachipua upya. Hilo usilivute kwa nguvu, chimba kwanza. Mizizi ilitoka mifupi, myeusi ncha. Daktari alikuwa amewaonya wasichome, kwa sababu moshi wake ungerudisha kile kile hewani. Kwa hiyo waliitia kwenye magunia, ikachukuliwa na gari la hospitali, na Shangazi alisimama getini mpaka gari likakata kona, kama mtu anavyosindikiza jeneza.

Kipandikizi walikipanda sebuleni, ndani ya ndoo yenye udongo kutoka milimani, nyuma ya dirisha la kioo ambalo halikufunguliwa tena. Kilishika. Majani yakatoka mapana. Mkono wa kushoto wa Shangazi, ambao nao ulikuwa umeanza kulegea, ulirudi kiasi cha kushika kijiko. Wa kulia haukurudi. Alijifunza kumwagilia kwa birika lililokumbatiwa na mikono yote miwili mpaka kwenye kiwiko, na wifi, ambaye angeweza kumwagilia yeye, aligeuka akajifanya anasoma.

Wa kwanza kubisha hodi baada ya miezi yote ile alikuwa Koleo. Amepungua, shati linamcheza mabegani.

"Shangazi, nasikia mna nyingine."

"Ipo. Lakini wewe unahitaji hospitali, mwanangu, na kuacha ile kazi."

"Hospitali nimekwenda. Na kazi nikiiacha nitakula nini, huruma?" Akacheka, na mstari wa ufizi ukaonekana. "Nipe ya tumbo tu."

Wifi akachuma majani, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile akayaosha, mara mbili. Akamimina. Akamshikia Shangazi kikombe, naye akanywa funda lake, wifi akafuta ukingo kwa kitambaa cheupe. Koleo akapokea, akauandaa uso kama mtu anayesubiri kofi, akanywa. Akangoja. Akaangalia ndani ya kikombe.

"Shangazi, haya si maji ya moto?"

"Ndiyo dawa yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama."

"Na ile kali hamna? Hata pakiti moja imesahaulika mahali?"

"Ile ilikuwa inakuua."

"Lakini ilikuwa inachoma vizuri," akasema Koleo kwa huzuni ya kweli. Akaweka kikombe mezani, kimejaa nusu, akashukuru, akaenda zake. Hakurudi, wala hakuja mwingine. Mtaani walisema nyumba ile imepoteza dawa yake.

Siku ile alipotoka, walimsikia Koleo akikohoa mpaka upande wa pili wa ukuta. Wifi akachukua buli akamwage kilichobaki.

"Usimwage," akasema Shangazi. "Nipe."

Wifi akamshikia kikombe. Shangazi akanywa polepole mpaka mwisho, si funda la kuonja, kikombe kizima, kisha akageuza uso kwenye ile ndoo ya dirishani.

"Upande wa pili nao unauma," akasema.

Wifi alicheka kwanza. Halafu akainuka haraka, akaenda dirishani, akasimama pale kwa muda na mgongo wake ulionyooka, akihakikisha kwamba limefungwa.